Mguu wa Nyuma wa Kushoto

Ijumaa, 3 Oktoba

Joto limeanza kupunguza kiburi. Alfajiri nimetoka jikoni kumwaga maji, kaubaridi kadogo kakanigusa shingoni, nikajua msimu wa mbio umefika. Daftari la mwaka jana liliisha nikiwa katikati ya sifa za Wingu, kwa hivyo nimenunua jingine, nene zaidi.

Nianze na mimi, maana nisipojitaja nitatajwa na nani? Mimi ni Roselyne, Mama Kendi, mzaliwa wa Timau, mpishi wa wafanyakazi katika zizi la farasi la Bu Rashid hapa Al Rayyan. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini niambieni Mkenya wa Doha hii asiyenisoma. Kila Ijumaa asubuhi natuma kikundini, kwa simu, ripoti yangu ya mbio za wiki. Nimeiita Vumbi la Rayyan. Watu huisoma wakiwa kwenye basi la kwenda kanisani Mesaimeer, na rafiki yangu Pamela, yule muuguzi, anasema wengine huimalizia wakati wa mahubiri.

Tena mimi si mwandishi wa kuchungulia kwa ukuta. Nina farasi. Haya basi, nina mguu.

Miaka minne iliyopita mama yake Wingu alikufa akizaa. Mtoto akabaki pale kwenye majani, wa kijivu, miguu yote imejikunja chini yake. Nilimlea kwa chupa hapa nyuma ya jiko, akawa ananifuata mpaka kwenye sufuria. Na Bu Rashid ana desturi ya nyumba yao tangu enzi za babu yake: anayelea yatima wa farasi hupewa mguu mmoja. Aliniita mbele ya kahawa na mashahidi akaniambia chagua. Nikachagua wa nyuma wa kushoto, kwa sababu ndio niliokuwa nikiukanda akiumwa tumbo. Wa nyuma wa kulia ni wa mkufunzi wetu, Mwalimu Nassor. Ile miwili ya mbele ni ya mzee mwenyewe. Mwenye mguu ana neno: farasi hauzwi wala hakimbizwi bila sisi wote kukubali.

Na anayempanda Wingu kila alfajiri mazoezini ni nani? Ni Kendi wangu. Mtoto aliyezaliwa mzuri mpaka wakunga wakaitana, ingawa nyanya yake alikuwa akimwita Kunguru, sijui kwa nini. Mwaka huu anangoja leseni ya kushindana. Akiipata, wasichana wote wa Doha watanyoosha mgongo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Joto limerudi kuchukua kitu lilichosahau. Wali umechacha.

Ijumaa, 24 Oktoba

Wingu amekimbia jana mbio yake ya kwanza, akipandwa na kijana wa kukodishwa. Wa tatu. Wa tatu! Na yule kijana alikuwa amemkalia kama gunia la viazi. Nimeandika hivyo hivyo kwenye Vumbi la Rayyan.

Augustine amenijibu saa hiyo hiyo. Huyu Augustine ni mlinzi wa jengo moja kule Al Mansoura, na moyo wake wote uko kwa Barq, farasi mwekundu wa zizi jingine. Hapa hakuna kamari. Kila mtu kikundini huchagua farasi wake na kumpigania kwa mdomo tu.

"Mama Kendi," ameandika, "wa tatu ni nafasi ya watu wa kusindikiza bibi harusi."

Nikamjibu, "Wewe umesimama mlangoni miaka sita, umeshasindikiza wangapi?"



Jumatatu, 10 Novemba

LESENI! Nimepika pilau ya sherehe bila kuomba ruhusa ya mtu. Mwalimu Nassor amekula sahani mbili akasema ina chumvi. Huyo mwanamume. Ni Mwomani, mama yake wa Unguja, ana Kiswahili kitamu kuliko changu, lakini hukitumia kwa kulalamika tu.

Ijumaa, 21 Novemba

Jana mvua ilinyesha, mvua ya kweli, barabara zikawa mito, na katikati ya tope hilo mwanangu Kendi akampanda Wingu kwa mara ya kwanza mbele ya watu, akashinda. Akashinda! Alitoka nyuma, uso wote matope, meno tu yakionekana.

Sikulala vizuri kwa furaha. Nimeandika ripoti ndefu kuliko zote nilizowahi kuandika. Nimesema Wingu ana macho ya malaika na shingo ya malkia, kwamba hajawahi kuzaliwa farasi kama huyu Al Rayyan wala hatazaliwa, na aliyempanda ni nyota ya Timau. Nikaweka na picha, Wingu akiangalia kamera kama mwenye benki. Watu wameituma kwa wengine, na wengine kwa wengine. Pamela anasema daktari mmoja wa Kisudani hospitalini kwao amemwonyesha hiyo picha, maneno yangu yakiwa yametafsiriwa Kiarabu.

Mimi! Wa darasa la saba! Kwa Kiarabu!

Jumatano, 26 Novemba

Wingu anakohoa. Hajamaliza chakula.

Ijumaa, 28 Novemba

Leo sina hamu ya kuandika, lakini niandike.

Baada ya sala ya Ijumaa Bu Rashid alikuja mwenyewe. Hakupita jikoni kunisalimu kama kawaida yake. Alikwenda moja kwa moja kwa Wingu, akasimama, akamsikiliza akikohoa. Kisha nikaitwa barazani. Mzee ameketi, Mwalimu Nassor pembeni kutafsiri, na simu ya mzee iko kwenye zulia, imefunguka kwenye picha yangu.

"Mzee anauliza," akasema Nassor, "haya maneno ni yako?"

Nikasema kwa fahari, "Ni yangu, na bado nina mengine."

Nassor akafumba macho. "Bi Roselyne, umemsifu farasi mbele ya Doha nzima kwa maneno yote hayo, na hukusema mashallah hata mara moja."

"Nilisema haleluya. Mara tatu. Si ni mamoja?"

"Ungelisema neno lolote la kumtaja Mungu juu ya *farasi*. Haleluya uliisema juu ya mwanao!"

Ikawa kweli.

Ndipo nikaelewa. Kwao kitu kizuri ukikisifu wazi bila kumtaja aliyekiumba, umekiweka mezani kiliwe na kila jicho la husuda. Farasi aliyeshinda Alhamisi, akasifiwa Ijumaa, Jumatano anakohoa. Nikamwambia mzee kwamba daktari wa mifugo amekuja, amesema ni vumbi la majani makavu yaliyolowa mvua. Nassor akatafsiri. Mzee akajibu kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko kelele:

"Vumbi lipo kila siku. Safari hii limefunguliwa mlango na nani?"

Kisha akasema Kendi asimpande tena Wingu. Jina la mama na jina la binti yameshakwenda pamoja kwenye midomo ya watu. Atatafutwa mpanda farasi mwingine kwa ajili ya Kombe la Mazizi Madogo, mwezi wa pili.

Jamani. Hilo kombe ndilo linalotazamwa na wakufunzi wote wanaotafuta wapanda farasi wapya. Akilikosa, Kendi atarudi kupiga farasi brashi kwa mwaka mwingine, au miaka. Nilihisi damu ya Timau yote ikipanda.

Nikasimama. "Mwalimu, mwambie mzee namheshimu kama baba yangu. Lakini mwambie pia kwamba Kendi asipopanda, mguu wangu haukimbii."

"Mama, kaa."

"Sikai. Mwambie. Yeye akimbize ile yake miwili, na wewe wako. Nataka nione farasi wa miguu mitatu atafika wapi."

Nassor alitafsiri akiwa anaangalia zulia. Mzee akanitazama muda mrefu. Halafu mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Anacheka! Akacheka mpaka akajipangusa macho kwa ncha ya kilemba.

Tukaafikiana hivi. Kendi atampanda Wingu hadi kwenye kombe. Lakini kuanzia leo mpaka mbio hiyo imalizike, mimi nisimsifu Wingu wala Kendi, kwa kalamu wala kwa mdomo. Nikiteleza neno moja, Kendi anashuka, na mguu wangu utakubali. Nassor ndiye atakayesoma ripoti yangu kila Ijumaa na kumweleza mzee.

Tukitoka Nassor akaniambia, "Mwanao asijue. Akijua, atakuwa anaangalia ulimi wako badala ya njia."

"Na daftari langu?"

"Linasomwa na nani?"

"Na mimi."

"Basi hilo ni kama kuwaza. Hata mzee hawezi kukukataza kuwaza."

Kwa hivyo nawaza: Wingu ni mzuri, mashallah, haleluya, na Kendi ni mzuri zaidi.

Ijumaa, 5 Desemba

Ripoti ya kwanza bila sifa. Kama kupika bila kitunguu. Nimeandika juu ya farasi wa watu wengine, nikatuma, nikaketi juu ya mikono yangu.

Augustine: "Mama Kendi, Wingu amehamia Saudia?"

Jumatatu, 8 Desemba

Kikohozi kimekwisha. Majani mapya, tunayanyunyizia maji kwanza. Nimemwambia Wingu sikioni kwamba simwoni. Amenilamba.

Jumapili, 14 Desemba

Ukungu asubuhi mpaka nasikia kwato tu, siwaoni farasi. Kwa kuwa sina ruhusa ya kuwatazama wangu, nimeanza kuwatazama wengine. Barq wa Augustine, nilikuwa nikimwita matofali yanayotembea. Leo nimemwona akipita karibu, anavyotega masikio akiitwa jina na mtunzaji wake. Ni farasi mwenye adabu. Nitaliandika hilo Ijumaa, ingawa litaniumiza.

Nassor alipita kunywa chai ya maziwa, karak, akakaa. Hajawahi kukaa. Nikamuuliza kama kweli anaamini habari za jicho au anamfurahisha mzee tu. Akasema, "Mie mama yangu alizika watoto wawili kabla yangu. Nilipozaliwa mzima, mnene, aliniita Kinyago. Wageni wakija husema, 'Njooni muone kinyago changu, sura kama ngozi ya ngoma.' Mpaka nimeoa ananiita hivyo. Nilikuwa najua hakuna anayependwa kama mimi mtaani pale."

Nikabaki nimeshika birika. Nikamkumbuka mama yangu mzazi, mgongo umepinda, akimpokea Kendi mchanga mikononi: *leteni huyu kunguru.* Miaka yote hii nilidhani ni mzaha wa kizee tu.

Na huyo Nassor nilidhani hana moyo.

Ijumaa, 26 Desemba

Jana Krismasi kanisani Mesaimeer, pilau, nyimbo, watu kama siafu. Pamela peke yake ndiye niliyemwambia siri. Kila nikifungua mdomo kujibu "Kendi anaendeleaje?" ananitia chapati. Nimerudi nimeshiba kupita kiasi.

Ijumaa, 9 Januari

Jana Kendi na Wingu wameshinda tena. Upepo wa baridi, machozi yananitoka, na watu wakidhani ni upepo.

Ripoti yangu: "Mbio ya nne. Wingu, wa kwanza." Basi. Nikaendelea na aya tatu juu ya Barq, aliyeshinda ya tano.

Jioni Kendi ameingia jikoni, simu mkononi. Hakuketi.

"Mathe, umeniandikia maneno mangapi?"

"Yanatosha. Kula."

"Huyo Barq umemwandikia mpaka mkia. Mimi hata jina hukunitaja. Siku ile ya mvua niliona haya vile ulinisifu, nikaomba Mungu unyamaze. Sasa umenyamaza, ni kama sipo."

Nikageukia sufuria, nikaikoroga bila sababu. Nikasema, "Mwandishi hapaswi kupendelea."

"Sawa, mwandishi," akasema, akachukua sahani akaenda kula na farasi.

Jumamosi, 17 Januari

Kendi ananisalimu kama mpangaji.

Jumanne, 27 Januari

Upepo. Mchanga umeingia kwenye unga, kwenye vitanda, kwenye meno. Nassor anasema Wingu hajawahi kuwa na hali nzuri kama hii, kisha akakohoa haraka na kusema, "Mashallah, punda mwenyewe." Tumetazamana. Nimecheka peke yangu mpaka saa ya kupakua.

Ijumaa, 6 Februari

Nimeandika vizuri leo, niseme ukweli. Nimemwelezea yule mpanda farasi kijana wa Barq, anavyojiombea kabla ya kupanda, akigusa kwato moja moja. Dada mmoja wa Uganda anayefanya kazi hotelini amenitumia ujumbe: sasa anawajua farasi wote kama majirani, na zamani alikuwa anamjua Wingu tu. Sikujua kama hilo ni sifa au lawama. Nimelichukua kama sifa.

Ijumaa, 13 Februari

Kesho ndiyo kombe.

Asubuhi, kabla sijatuma ripoti, mtu mmoja mgeni kikundini, nisiyemjua, ameandika: "Huyo msichana amepewa farasi kwa sababu mama yake ana mguu. Angekuwa mtoto wa mwingine angekuwa anazoa mavi. Kesho mtaona."

Kikundi kikalipuka. Pamela akajibu, watu wa Al Mansoura wakajibu. Hata Augustine akaandika, "Mimi ni wa Barq hadi kaburi, lakini huyo binti ni mkali, wacha ujinga." Augustine! Nikambusu kwenye simu.

Halafu wote wakanigeukia mimi. Mama Kendi, mjibu. Mama Kendi, uko? Mwandishi, tetea mtoto wako!

Na Kendi yumo kikundini. Naona anasoma.

Nilikuwa nimeshika simu kwa mikono miwili. Jibu lilikuwa tayari, lilikuwa zuri, lilikuwa na moto na chumvi, lingemchoma huyo mtu mpaka kwao. Vidole vikaandika nusu yake. Nje nikamsikia Wingu akilia kuomba chakula cha saa nne. Nikafuta neno moja, nikafuta jingine. Nikatuma ripoti ya farasi wa kesho, majina na namba zao, na mwisho nikaandika: "Nitaandika Jumapili."

Kendi ametoka kikundini.

Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hii, na nimewahi kubeba simenti.

Jumamosi, 14 Februari

Nimerudi. Sauti imekwisha, naandika kwa sababu siwezi kusema.

Tulifika uwanjani alasiri, upepo wa vumbi, bendera zote zimenyooka kama mbao. Watu wetu walijaa upande wa uzio, Pamela, Augustine na kofia yake nyekundu. Bu Rashid alikataa kukaa juu na wakubwa, akaja kusimama pale pale kwenye uzio, Nassor katikati yetu.

Farasi wakazungushwa mbele ya watu kabla ya mbio. Kendi akapita juu ya Wingu, mgongo umenyooka, uso umefungwa kama duka la Ijumaa. Hakuniangalia. Nikaona mikono yake kwenye hatamu, inatetemeka. Mimi mama yake nikaona. Lile neno la mgeni wa jana lilikuwa limekaa naye kwenye tandiko.

Sikupanga. Naapa sikupanga. Mdomo ulifunguka wenyewe:

"We Kunguru! Shuka hapo, unamchafua farasi!"

Watu wakageuka. Pamela akatafuta chapati hana. Kendi akashtuka, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza. Jina hilo hajaitwa na mtu tangu nyanya yake azikwe. Nikaendelea, machozi yananitoka, "Mbaya wewe! Na hilo jipunda lako la kijivu, miguu kama ya meza ya mitumba! Nani aliwafungulia geti?"

Nikaona uso wake unafunguka. Polepole, kama mtu anayekumbuka wimbo. Alilala mikononi mwa nyanya miaka mingapi akiitwa hivyo? Alijua. Akainamisha kichwa kwenye shingo ya Wingu, mabega yakitikisika kwa kicheko, na alipoinuka mikono ilikuwa imetulia.

Bu Rashid akamuuliza Nassor kitu. Nassor akajibu kwa kirefu, akininyooshea kidole, na nikasikia neno mashallah humo ndani. Mzee akanitazama, kidevu juu.

Mbio zikaanza. Barq akatoka mbele, mzuri, nasema kweli. Wingu akafungiwa katikati kwenye kona, vumbi, simwoni. Nilidhani basi. Halafu walipoingia njia ya kunyooka nikaiona ile rangi ya kijivu ikitoka pembeni, mbali, upande wetu, Kendi amelala juu yake kama blanketi.

"Kimbia, aibu ya ukoo!" nikapiga kelele. "Takataka! Sufuria iliyotoboka!"

Na kando yangu sauti nzito ya kizee ikalipuka: "Yalla, ya hmara!" Twende, punda jike we! Bu Rashid, kilemba kimeenda upande, anaupiga uzio ngumi na kumtukana farasi wake kwa Kiarabu, matusi ambayo Nassor alikataa kunitafsiria. Nassor naye anapiga kelele, "Kinyago! Kinyago cha pwani!" Watu wetu wakadaka. Uzio mzima wa Wakenya na Waganda, kunguru, punda, meza ya mitumba! Waliokuja na familia zao wakawa wanatuangalia kama wagonjwa.

Wingu alimfikia Barq mita chache kabla ya mwisho. Akampita kwa urefu wa kichwa.

Nilikaa chini palepale kwenye mchanga. Augustine akanijia, akavua kofia yake nyekundu, akaishika kifuani.

"Mama Kendi," akasema, "poleni sana kwa ushindi."

Bu Rashid akanyoosha mkono akanisimamisha. Kwa Kiswahili chake cha zizini akasema, "Kwisha. Mbio kwisha. Sasa Mama sifu."

Miezi yote hiyo, maneno yote yale niliyoyameza! Nikafungua mdomo, nikatafuta. Nikasema, "Mashallah." Ndilo lililokuja.

Jumapili, 15 Februari

Vumbi limetulia. Kendi amerudi kikundini. Wakufunzi wawili wamempigia simu, Nassor amewaambia wasubiri foleni.

Nimetuma ripoti niliyoahidi, nainakili hapa:

"VUMBI LA RAYYAN. Kombe la Mazizi Madogo. Wa pili ni Barq, farasi mzuri, mashallah, mwenye adabu, na aliyepandwa kwa ustadi. Wa kwanza, kwa bahati mbaya, ni jipunda moja la kijivu lililolelewa nyuma ya jiko, likipandwa na kunguru wa Timau. Mguu wa nyuma wa kushoto haukufanya jambo lolote la maana. Tunawaomba radhi."

Majibu yalikuwa yakiingia bado nilipomsikia Kendi mlangoni akiisoma kwa sauti, kutoka juu hadi chini. Alipomaliza akavuta kiti, akaketi mahali pake pa zamani karibu na jiko, akanywa chai yangu funda moja, akakunja uso.

"Mathe," akasema, "chai hii haifai hata kuoshea kwato."

Nimemmiminia kikombe cha pili.